Mbio zikiisha, mkimbiaji ataitwa nani?

Wiki mbili zilizopita simu yangu ilizima ghafla na kukataa katakata kuwaka. Jirani akanishauri niipeleke kwa fundi mmoja mwenye kibanda kando ya kituo cha matatu, katika mji mdogo wa Bonde la Ufa ambako nilifundisha kwa miaka mingi. Nilimkuta fundi ameinama, miwani puani, kifaa cha kulehemu mkononi. Alipoinua uso nilimtambua papo hapo, nami nikampigia ukelele wa furaha kwa jina ambalo shule nzima ilimjua kwalo: "Mshale!"

Hakutabasamu. Alikiweka chini kifaa chake taratibu, akanisalimia kwa adabu ileile ya zamani, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nakuomba usiniite jina hilo. Mshale alikufa zamani."

Msomaji mpenzi, nimekuwa mwalimu wa Kiswahili na wa michezo kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimetukanwa na wanafunzi watundu, nimeandikiwa barua za hasira na wazazi, lakini sikumbuki neno lililopata kunichoma moyo kama hilo. Ndilo lililonifanya nishike kalamu leo, si kwa nia ya kumhubiria mtu, bali kwa nia ya kuungama.

Kijana huyo aliletwa kwetu kidato cha kwanza akiwa na sanduku la bati, godoro, na redio mbovu iliyofungwa kwa kitambaa. Kila Jumamosi, wenzake walipokuwa wakifua sare, yeye aliifungua redio yake na kuutandaza utumbo wake juu ya nyasi. Mwalimu wa fizikia alimpenda, akamtia katika chama cha sayansi cha shule. Ilikuwa bayana kwamba mtoto yule alikuwa na jicho la kuona mahali waya ulipokatika.

Muhula wa pili ukaja, na mbio za nyika nazo zikaja. Alikimbia miguu mitupu, na wanafunzi wa kidato cha nne walipowasili utepeni walimkuta amekwisha kunywa maji na kuketi kivulini. Ni mimi niliyembandika jina la Mshale siku hiyo, tena hadharani, mbele ya shule nzima. Tangu hapo hakuitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake, ila katika daftari la mahudhurio.

Jioni moja nikiwa zamu nilimkuta wakati wa prepu akichokora redio yake chini ya dawati. Nilimwambia maneno ambayo sisi walimu tunayajua kwa moyo: mshika mawili moja humponyoka. Nikaichukua redio, nikaifungia katika kabati la majilisi. Asubuhi yake nikamwambia mwalimu wa fizikia amtafute mtu mwingine wa chama chake, maana huyu alikuwa na kazi. Nikamwombea ruhusa ya kukosa prepu ili alale mapema. Nikamwongezea yai na maziwa. Alama zake zikaporomoka muhula baada ya muhula, wala hapakuwa na mwalimu aliyelalamika, kwa sababu vikombe vilikuwa vikiongezeka katika afisi ya mwalimu mkuu.

Yaliyofuata nimeyajua sasa, kibandani pake. Alipomaliza shule aliingia kambi ya mazoezi. Misimu miwili baadaye kano ya kisigino ikamwadhibu. Akapumzika, akarudi, ikamwadhibu tena. Wakala aliyekuwa akimpigia simu kila juma akaacha kupiga, kisha akaacha hata kupokea. Akarudi nyumbani.

"Nilipokuwa nikipita sokoni," aliniambia, "kila mtu aliniuliza swali moja tu: utakimbia tena lini? Hapakuwa na mtu aliyeniuliza jambo jingine. Nikaanza kupita njia za nyuma. Lakini baya zaidi, Mwalimu, ni kwamba hata mimi sikuwa na jambo jingine la kujiuliza."

Kuna miaka kadhaa ambayo hakutaka kunieleza kinaganaga, nami sikumdadisi. Alichonieleza ni kwamba akiwa na umri wa miaka thelathini alikwenda kuwa mwanagenzi wa fundi wa simu aliyekuwa na miaka kumi na tisa, akawa anatumwa chai na kuchekwa anapounguza vidole. Kisha, bila hasira yoyote, akaniuliza: "Ile redio yangu, Mwalimu, iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Kabati lile lilitupwa zamani pamoja na kila kilichokuwamo.

Huenda ukasema kwamba hiki ni kisa cha mtu mmoja asiyekuwa na bahati. La hasha. Hebu tumtazame mtu aliyekuwa na kipawa ambacho dunia nzima ilikistaajabia. Mwaka wa 1978, kati ya Aprili na Juni, Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani. Olimpiki hakuwahi kushiriki, kwa kuwa Kenya ilisusia michezo ya Montreal mwaka wa 1976 na ile ya Moscow mwaka wa 1980. Mbio zilipomtoka miguuni, pombe ilimtia mkononi. Mtu ambaye viwanja vya Ulaya vilisimama kumshangilia akafanya vibarua na kulala katika makao ya wasio na mahali pa kulala.

Sitadai kwamba nayajua yaliyokuwa moyoni mwake. Ninachojua ni kwamba hadithi yake haikuishia hapo. Alijinasua kutoka kwa chupa, akafundisha na kuwanoa wakimbiaji huko New Mexico, na mwaka wa 2007 akachapisha kitabu cha maisha yake. Alirejea Kenya mwaka wa 2019, na alipofariki mwaka wa 2024 tulimlilia kwa ajili ya zile siku 81. Laiti tungalimsifu pia kwa miaka ile mirefu aliyoitumia kujifunza kuwa mtu asiyekimbia! Kwangu mimi, hiyo ndiyo rekodi yake ya tano, nayo huenda ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Tuseme kweli: michezo ni kazi inayokufa kabla ya mwenyewe. Mwalimu hustaafu akiwa na miaka sitini. Mkulima hushika jembe hadi mgongo ukatae. Mwanariadha huambiwa kwamba amezeeka akiwa na miaka thelathini na kitu, umri ambao wenzake aliosoma nao ndio kwanza wanapandishwa cheo. Na huyo ni yule aliyebahatika. Wapo wanaostaafishwa na goti wakiwa na miaka ishirini, pengine kabla hawajapokea hata shilingi moja ya zawadi. Mtu huyo hubakiwa na miaka arobaini au hamsini ya kuishi. Swali ambalo shule zetu hazimwandai kulijibu ni hili: miaka hiyo yote ataishi akiwa nani?

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda. Mwaka wa 1993 Britton Brewer na wenzake huko Marekani walitunga kipimo cha kauli kumi cha kuonyesha ni kwa kiasi gani mtu hujiona kuwa mwanamichezo na si kitu kingine. Waliuliza kama hali hiyo ni misuli ya Hercules au ni kisigino cha Achilles, yule shujaa wa Wayunani ambaye mwili wake wote haukuweza kudhuriwa isipokuwa kisigino. Kwa upande mmoja, kijana anayejiona mwanamichezo kikamilifu hujituma mazoezini na hupata nguvu ya kuamka alfajiri. Kwa upande wa pili, akiumia au akiachwa nje ya timu, si mguu peke yake unaoumia. Nafsi nzima huanguka, kwa sababu hapakuwa na nguzo nyingine ya kuiegemeza. Niliposoma hayo nilikumbuka kisigino cha mwanafunzi wangu, nikaona haya.

Sasa turudi kwenye ile methali niliyomtandikia. Wahenga walisema kwamba mshika mawili moja humponyoka, lakini wahenga haohao walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi walimu wa michezo tumeishika ya kwanza na kuitupa ya pili, kwa sababu ya kwanza hutuletea vikombe. Tumeamini kwamba kila saa ambayo mwanariadha anaitumia kwa kitabu, kwa kinanda au kwa mizinga ya nyuki ni saa iliyoibiwa kutoka kwa mbio zake. Je, historia ya riadha yenyewe inatuunga mkono?

Mchukue Mike Boit. Alishinda nishani ya shaba katika mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka wa 1972, na kwa miaka mingi baadaye alihesabiwa miongoni mwa wakimbiaji bora duniani wa mita 800. Katika miaka hiyohiyo alikuwa akisoma katika vyuo vya Marekani, hata akapata shahada ya uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha Oregon. Alirejea nyumbani, akawa Kamishna wa Michezo na profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Vitabu havikumfunga miguu.

Mchukue Paul Tergat. Alipokuwa mtoto Baringo, chakula cha mchana alichokipata shuleni kutoka kwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ndicho kilichomfanya aendelee na masomo. Mwaka wa 2004 akawa balozi wa shirika hilo katika vita dhidi ya njaa. Mwaka uliofuata, huku akiwa na jukumu hilo, alishinda mbio za marathoni za New York kwa tofauti isiyofika hata sekunde moja. Tegla Loroupe naye, mshindi wa New York mwaka wa 1994 na 1995, alianzisha wakfu wake wa amani mwaka wa 2003, akawakusanya wakimbie pamoja vijana wa jamii za wafugaji waliokuwa wakiibiana mifugo na kuuana. Mwaka wa 2016 aliiongoza timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki kule Rio. Kipchoge Keino, bingwa wa Mexico mwaka wa 1968 na wa Munich mwaka wa 1972, aliwalea mayatima yeye na mkewe Phyllis huko Eldoret, kisha akajenga shule. Ukikutana leo na mtu mzima aliyekulia nyumbani humo, kwake Keino ni baba kwanza, kisha mkimbiaji.

Hata nje ya mipaka yetu mambo ni yaleyale. Roger Bannister wa Uingereza, mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne, alikuwa akisomea udaktari. Asubuhi ya Mei 6, 1954 alikwenda hospitalini London kama siku nyingine yoyote, kisha akapanda garimoshi hadi Oxford, na jioni akakimbia kwa dakika 3 na sekunde 59.4. Mwaka huohuo aliacha mashindano, akawa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu kwa miongo mingi. Utepe wa Oxford ulikuwa mlango mmoja tu katika nyumba yake.

Naomba nisieleweke vibaya. Najua kuna mzazi anayesoma makala haya huku akitikisa kichwa. Ataniuliza: Mwalimu, wewe una mshahara, mimi nina mtoto mwenye mbio na ng'ombe mmoja. Wataka nimwambie apige gitaa? Hoja hiyo ni nzito, wala siipuuzi. Riadha imejenga nyumba, imelipa karo, imenunua mashamba na kuinua ukoo mzima kutoka kwenye ufukara. Mtoto mwenye kipawa anastahili kukazwa.

Walakini, umaskini huohuo ndio unaonifanya niseme ninayoyasema. Tajiri akipoteza mguu wa biashara moja husimama kwa mguu mwingine. Ni maskini asiyeweza kumudu kuweka mayai yote kapuni mwa mguu mmoja. Zaidi ya hayo, sizungumzii fedha peke yake. Wapo wanariadha waliowekeza katika majumba na matrekta, na bado siku ya kuvua viatu waliingiwa na giza. Jumba la kukodisha hukulipa kila mwezi, lakini halikuambii wewe ni nani. Kinachomwambia mtu yeye ni nani ni kazi ya mikono yake, watu anaowafaa, na yale anayoyapenda hata asipotazamwa.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, nina mambo machache ya kuwaomba. Kwanza, msimwondolee mwanariadha prepu kama zawadi. Tukifanya hivyo tunamfundisha kwamba akili yake haina thamani mbele ya miguu yake. Pili, tazameni ratiba ya mwili. Hata anayefanya mazoezi asubuhi na jioni huhitaji saa nyingi za kupumzika, na saa hizo si lazima ziishie katika usingizi na porojo. Mtoto anaweza kuchora, kufuga kuku, kucheza sataranji, kuimba katika kwaya au kuandika shajara bila kuchosha hata musuli mmoja. Tatu, mwiteni kwa jina lake. Mkikutana naye baada ya mashindano, kabla ya kumwuliza alikuwa wa ngapi, mwulizeni jambo lingine; mwulizeni insha yake imefika wapi.

Nne, tujihadhari na mtaala mpya. Mtaala wa umilisi umeweka mkondo wa Sanaa na Michezo katika sekondari pevu, nami ninaufurahia kwa dhati, kwa kuwa hatimaye mchezo umepewa heshima ya somo. Lakini mkondo ni njia ya maji, usigeuzwe zizi. Mwanafunzi aliyeuchagua kwa sababu ya soka asinyimwe nafasi ya kugundua kwamba anaweza pia kuigiza jukwaani, kutangaza mpira redioni au kutibu majeraha ya wenzake.

Nanyi wanafunzi mnaokimbia, mnaocheza, mnaorusha na kuruka, sikilizeni neno moja la mzee. Tatizo lenu kubwa halitakuwa ukosefu wa vipawa vingine. Tatizo litakuwa makofi. Mtu aliyezoea kushangiliwa huona aibu kufanya jambo ambalo bado halijui, mahali ambapo hapana wa kumpigia makofi. Ndiyo maana wengi husubiri hadi waumie ndipo wajaribu kitu kingine, na wakati huo kila kitu huonekana kama adhabu. Tafuteni mapema jambo moja ambalo nyinyi ni wanagenzi, tena wa mkia. Lifanyeni polepole, bila saa ya kupima muda. Mkumbuke kwamba mnacho tayari kile ambacho wanagenzi wengi hawana: mnajua kuamka alfajiri, mnajua kushindwa Jumamosi na kurudi uwanjani Jumatatu. Uvumilivu huo haukai miguuni. Unakaa ndani yenu, nanyi mnaweza kuuhamisha mwendako.

Mwanafunzi wangu ameuhamisha. Nilimtazama akiifungua simu yangu kwa utulivu, akichungulia kwa jicho lilelile la kidato cha kwanza. Nilimwomba radhi. Alinyamaza kidogo, akasema yamepita, kisha akaongeza kwamba mbio hazichukii. Kila Jumapili huenda kuwatazama watoto wakifanya mazoezi, na yule anayechechemea humwita kando na kumwuliza anapenda nini kingine.

Kazi ilikuwa ya siku mbili. Ana desturi ya kubandika karatasi nyuma ya kila simu yenye jina la mteja. Alichukua kalamu, akaandika bila kuniuliza: MWALIMU. Niliitazama karatasi ile, nikatambua kwamba katika mji ule mzima hapakuwa na mtu aliyewahi kuniita vinginevyo. Nimebakisha mwaka mmoja kustaafu. Nimefundisha asubuhi, nimenoa timu jioni, nimesahihisha insha usiku, na nikiulizwa ninapenda nini kingine, sijui kama ningalijibu haraka kuliko Mshale.

Nilimwambia afute, nikamtajia jina langu kamili, naye akanitajia lake. Jumamosi ijayo nitarudi kibandani, si kwa sababu ya simu. Amekubali kunifundisha kulehemu.